Vigingi Chini ya Nyumba Yetu

"Nani amegusa vigingi vyangu?"

Simu ilikuwa sikioni, matope miguuni, hasira puani. Upande wa pili Fundi alicheka.

"Siku hizi salamu hakuna?"

"Salamu utazipata nikishamjua aliyevigusa. Nilivipiga kwa uzi, Fundi, mstari mmoja. Sasa vimepinda katikati kama tumbo la mlevi."

"Mbuzi hao."

"Mbuzi gani anasukuma vigingi vyote bila kung'oa hata kimoja?"

"Basi watoto."

"Watoto wangeondoka navyo wakachezee. Hivi vipo vyote. Vimesogea tu."

Kicheko kikakatika. Alipouliza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Vimesogea kuelekea wapi?"

"Chini. Bondeni."

Ramani alisikia nyundo za wenzake Fundi zikigonga huko alikokuwa, kisha hata zile akaona kama zimenyamaza.

"Ramani."

"Naam."

"Leo usiingie ndani ya nyumba. Rangi haijakauka."

"Nani kakwambia naingia ndani?"

"Nakwambia tu."

Akakata simu.

Jina lake halisi lilibaki kwenye vyeti. Fundi ndiye aliyeanza kumwita Ramani, siku alipoingia duka la dawa akamkuta ametandaza ramani juu ya kaunta, anafuata mistari kwa kidole kama mtu anayetafuta chawa. Akanunua dawa ya mgongo. Kesho yake akarudi kununua nyingine. Keshokutwa akarudi tena, na mgongo wenyewe haukuwa umemuuma hata siku moja.

Asubuhi Ramani aliuza dawa. Mchana alikwenda kwenye darasa la watu wazima wanaojiandaa na mtihani wa kidato cha sita. Shule aliiacha baba yake alipofariki. Sasa alikuwa na miaka ishirini na sita na alitaka kwenda chuo kikuu kusomea mambo ya ardhi. Wenzake waliogopa jiografia. Yeye aliipenda kama wengine wanavyopenda umbea.

Fundi alikuwa amewajengea nyumba begani mwa kilima, kwa mikono yake, kwa matofali aliyoyafyatua kutoka udongo wa kilima kilekile. Mtihani ukiisha, harusi. Harusi ikiisha, wanahamia, na mama yake Ramani anapewa chumba cha nyuma. Mama alishamwambia mwenye nyumba wake kwamba anahama. Kwa hiyo mwalimu wa jiografia alipoagiza kila mwanafunzi atafute mteremko aupime mwendo wa udongo, Ramani hakuhangaika. Mteremko alikuwa nao, chini ya nyumba yake mwenyewe.

Darasani alisimama akaonyesha mchoro wake, akasimulia na maneno ya Fundi kwenye simu. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, na hakuwa na subira na uongo.

"Huu mstari uliopinda umeuchora wewe au umeupima?"

"Nimeupima, Mwalimu."

"Kwa muda huo mfupi? Udongo hutambaa polepole kuliko kucha zinavyokua. Mtu amevigusa."

"Ndivyo ninavyodhani."

Nyuma ya darasa Afande akakohoa. Alikuwa askari magereza, mwanafunzi mwenzao, na kila jambo kwake lilikuwa kosa la jinai.

"Mimi nauliza. Nyumba mpya, bwana harusi anakukataza kuingia, nje vitu vinasogezwa. Huyo anayepita hapo anakwenda kwa nani?"

Darasa likacheka.

"Afande, mwenzio anasoma, wewe unafungua jalada," mwalimu akasema. Kisha akamgeukia Ramani, na uso wake haukuwa wa mzaha. "Rudi kavipige upya. Ncha moja ifunge kwenye jiwe kubwa, ile nyingine kwenye mwamba ng'ambo ya pili. Uzi uukaze mpaka ulie. Vikipinda tena, usinisubiri darasani. Nipigie."

"Kwani vikipinda tena ni nini?"

"Vipige kwanza."

Alivipiga, na uzi ukakazwa mpaka ukalia. Alipoinua kichwa kupumzisha mgongo aliiona miti iliyo chini ya nyumba, na kwa mara ya kwanza aliitazama kwa macho ya darasani. Mashina yote yalikuwa yameinamia bondeni. Si mti mmoja uliopigwa na upepo. Yote, kama watu wanaosikiliza kitu kilicho chini.

Mawingu yalikuwa yanajikusanya. Akakusanya vitu vyake akaondoka haraka, na hakujua anakimbia nini.

Jioni ile Fundi alikuja kula kwa mama mkwe. Alikula kidogo. Mama akamtazama.

"Mkwe, chakula kimekukosea nini?"

"Nimechoka tu, Mama."

"Mtu aliyechoka hula. Mwenye jambo ndiye hali."

"Mama!" Ramani akamkata.

"Nimesema uongo? Haya. Chumba changu kimekwisha? Nilikwenda juzi kupima kitanda, nikakuta umekifunga."

"Nakimalizia, Mama. Rangi ya pili."

"Rangi ya pili tangu mwezi uliopita? Hicho chumba unakipaka au unakinywesha?"

Fundi akacheka bila meno kuonekana, akaenda nje kunawa. Simu yake aliiacha kwenye kiti. Ikawaka. Ramani hakuwa mtu wa kupekua simu za watu, lakini maandishi yalijileta yenyewe.

*Nimeipenda sana ile nyumba, baba. Watoto wamefurahi mpaka wamelia. Nahamia Jumamosi hii, usije ukabadili moyo. Mshonaji.*

Aliisoma. Akaisoma tena. Fundi akarudi akifuta mikono, akaichukua simu, akaiangalia, akaitia mfukoni.

"Nani huyo?" Ramani akauliza.

"Nani?"

"Aliyekuandikia."

"Mteja. Nina kazi yake."

"Kazi gani?"

"Ya ujenzi, Ramani. Mimi ni fundi. Ulitaka niwe na kazi ya kukamua ng'ombe?"

Akaaga mapema. Mlango ulipofungwa, Ramani akakaa palepale kwenye kiti kilichokaliwa na simu.

"Mama, kuna mwanamke."

"Umemwona?"

"Ameandika. Anahamia. Kwenye nyumba yetu, Mama, na watoto. Wanamwita baba!"

"Watoto ndio wamemwita baba au yeye?"

"Kuna tofauti gani?"

"Ipo kubwa. Hata mimi humwita muuza mkaa baba." Mama akaingiza mkono chini ya godoro, akatoa funguo mbili. "Nilipewa za akiba nikapime kitanda. Wa chumba cha nyuma nao umo, ila juzi niliona haya kuutumia. Usimlilie maiti ambaye hujamwona. Nenda kaangalie."

Mvua ilianza alfajiri ya Jumamosi na haikuwa ya kelele. Ilikuwa ile ya kuingia polepole, ya kulowesha mpaka ndani. Ramani aliomba ruhusa dukani, akapanda kilima.

Alipita kwanza kwenye vigingi. Uzi ulikuwa umekatika. Vigingi vya katikati vilikuwa vimeteremka kupita alivyovikuta mara ya kwanza, na katika matope laini pembeni yake hapakuwa na wayo wa mtu, wala kwato, wala kitu. Wayo wake tu.

Akapiga simu.

"Mwalimu, vimepinda. Na uzi umekatika."

"Uko wapi?"

"Hapa hapa, kwenye mteremko. Naingia ndani mara moja nije."

"Ndani ya nini?"

"Ya nyumba."

"Toka hapo, mwanangu. Unasikia? Nakuja, lakini wewe to..."

Mtandao ukakatika. Ramani alisimama. Angeshuka. Mtu mwenye akili angeshuka. Lakini wivu haujawahi kusoma jiografia.

Mlango wa mbele ulifunguka, ila ulikwama nusu. Ilibidi ausukume kwa bega. Ulining'inia vibaya, kama jino linalotaka kung'oka. Sebuleni hapakuwa na kitu. Chumba cha nyuma kilinuka rangi. Akafungua, akaingia, tayari kukuta nguo za mwanamke, marashi, kitanda.

Hapakuwa na kitanda. Palikuwa na ubao mkubwa ulioegemezwa ukutani, na ukuta wenyewe ulikuwa na mabaka ya plasta mbichi juu ya plasta kavu, juu ya plasta nyingine. Akausogeza ubao.

Ufa ulianzia sakafuni ukapanda mpaka darini. Akaingiza vidole, kisha kiganja, kisha mkono mpaka kiwiko. Huko ndani palikuwa na baridi, na chini kabisa alisikia maji yanatembea.

"Nilikwambia usiingie."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, amelowa. Hakuvuka kizingiti.

"Nilikuja kumtafuta mwanamke," Ramani akasema.

"Hakuna mwanamke."

"Naona. Bora angekuwepo." Akautoa mkono. "Hii ilianza lini?"

"Ni ufa tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nauziba."

"Ufa wa ukuta unazibwa kwa plasta. Wa kilima utauziba na nini? Lini, Fundi?"

Fundi akajifuta uso. "Nilipokwisha kuezeka. Ulianza kama unywele. Nikauziba. Ukarudi. Nikaziba."

"Udongo wa matofali ulichimba wapi?"

"Si pale chini."

"Pale chini wapi?"

"Chini ya kilima! Udongo wake mzuri, haupasuki motoni. Nilichimba nikapata na uwanja tambarare. Nikaona nimeua ndege wawili."

"Umekikata kilima miguu," Ramani akasema polepole, "kisha ukakibebesha nyumba mabegani."

"Sikujua!"

"Sasa unajua. Mshonaji ni nani?"

Mvua ikagonga bati.

"Umemuuzia," akasema Ramani.

"Ningefanyaje? Kila nilichonacho kimo humu. Nijenge kwingine na nini? Nilitaka tuanze upya, mahali pazuri, mimi na wewe. Mama yako ningemweka kwenye chumba hiki? Ndiyo maana nikakifunga! Nampenda mama yako kama mama yangu."

"Kwa hiyo mama yangu ni mtu."

"Ni mtu, ndiyo."

"Na mama wa wale watoto ni nani?"

Fundi akaikamua mikono ya shati lake.

"Ana watoto wangapi, Fundi?"

"Sijawahesabu."

"Wamelia kwa furaha na hukuwahesabu." Akaivua pete. "Shika."

"Ramani, usifanye hivyo. Nilifanya kwa ajili yako."

"Mimi usinitie humo. Shika pete yako."

Hakuingia kuichukua. Ramani akainama, akaiweka sakafuni. Pete ikasimama kidogo kwa ukingo wake. Kisha ikaanza kuviringika yenyewe, taratibu, bila mtu kuisukuma, ikakata chumba kizima mpaka ukutani. Wote wawili waliitazama ikiingia ndani ya ufa. Hawakuisikia ikifika chini.

Ramani akampita mlangoni bila kumgusa.

Mwalimu alikuwa anapanda na mwavuli, viatu mkononi. Alitazama vigingi, akatazama miti, akatazama shimo lililochimbwa chini. Ramani akamweleza kwamba kuna mama anahamia leo na watoto.

"Asiingie mtu humo. Walioko bondeni nao waondoke. Mimi nakwenda ofisi ya mtaa, wewe nenda unakojua."

Kibanda cha mshonaji kilikuwa sokoni na hakikuwa kigumu kupatikana: nje kulikuwa na lori dogo linapakiwa. Cherehani ilishafungwa kwa kamba. Watoto walikuwa wamekaa juu ya magodoro, wameshikilia sufuria kama watu wanaokwenda safari ya mbali.

"Dada, shikamoo. Nyumba unayohamia inaanguka."

Mshonaji, mwanamke mwembamba mwenye futi ya kupimia shingoni, alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye matope.

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Ni mchumba wa Fundi. Nilikuwa."

"Ahaa." Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Ulikuwa."

"Si hivyo. Kilima kinatembea. Nimepima kwa vigingi na uzi, kwa ajili ya shule..."

"Vijiti na uzi? Mdogo wangu, uzi ninao mimi wa kutosha. Mume wangu alipofariki, ndugu zake walikuja na maneno matamu hivihivi, wakaniachia cherehani tu. Nyumba hii nimeinunua kwa kiuno changu kilichoinama hapa. Leo unakuja wewe na vijiti?"

"Mpigie umuulize."

"Nampigia, na utasikia."

Akaweka sauti ya simu juu. Watoto wakanyamaza.

"Baba, niko na dada mmoja hapa, amejaa matope. Anasema nyumba yako inatembea. Ni kweli?"

Ramani alijua yule mtu anavyopumua. Alimsikia anavuta pumzi. Moyoni akamwomba. *Sema. Sema tu, sitakuuliza kingine.*

"Achana naye, mama," Fundi akasema. "Tumegombana. Ana wivu."

Mshonaji akakata simu. Hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Pole, mdogo wangu. Nakuonea huruma, kweli. Lakini nisogelee tena na nitaita watu."

Lori likawashwa.

Ramani hakupiga kelele. Alipanda nyuma, juu ya magodoro, kati ya watoto na sufuria.

"Unakwenda wapi wewe?" dereva akamfokea.

"Kuwasaidia kushusha."

Mshonaji akampungia dereva mkono aende. Labda aliona aibu kumshusha mtu kwenye mvua.

Fundi alikuwa nje ya nyumba anawasubiri, ufunguo mkononi. Alipomwona Ramani juu ya lori, rangi ilimtoka. Mwalimu naye alikuwa amesimama chini kwenye barabara na mjumbe wa mtaa, mzee aliyeshika mwavuli na aliyekuwa anasema mambo haya yasubiri Jumatatu.

"Ufunguo, baba," mshonaji akasema. "Watoto wanalowa."

"Subiri," Ramani akasema. "Dada, sitakuzuia. Neno moja tu kwa Fundi." Akashuka. "Unasema nina wivu."

Fundi akatazama chini.

"Haya, nina wivu. Nyumba ni nzima. Basi ingia wewe kwanza. Nenda chumba cha nyuma, funga mlango, kaa. Sisi tutashusha cherehani, tutashusha magodoro, tutapanga vyombo. Tukimaliza tutakuita."

"Upuuzi gani huu?"

"Si ni nyumba nzima? Ingia, hata mvua haitakunyeshea."

"Fundi, ingia basi tumalize," mjumbe akasema. "Watu tuna kazi."

Fundi akaenda. Hatua zake zilikuwa za mtu mwenye hakika mpaka alipofika kizingitini. Akaweka mkono kwenye fremu ya mlango. Ndani, mahali fulani, kitu kililia, kama ubao unaobanwa. Mguu wa kulia ukainuka, ukabaki hewani, ukarudi pale ulipokuwa.

Mshonaji alikuwa anaitazama miguu ile. Mtu anaweza kumdanganya mwenzake kwa mdomo mchana kutwa, lakini miguu haijui kusema uongo.

"Ingia," mshonaji akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama..."

"Nimesema ingia."

Fundi akageuka. Akakaa kwenye ngazi, kwenye maji, akafunika uso.

"Ni kweli," akasema. "Yote aliyosema ni kweli."

Mshonaji hakumpiga. Alikwenda kwenye lori, akamshusha mtoto mdogo kutoka kwenye magodoro, akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. Kisha akarudi akasimama mbele ya Fundi.

"Walichora vyumba vyao," akasema. "Nani alale wapi. Chumba cha nyuma kilikuwa cha huyu."

Mshonaji na watoto walipoondoka, baada ya Fundi kuahidi mbele ya mjumbe kwamba atarudisha kila alichopokea, Fundi alimfuata Ramani mpaka barabarani.

"Niambie nifanye nini unisamehe."

Ramani akanyoosha kidole kuelekea bondeni, kwenye mapaa yaliyobanana chini ya kilima.

"Mjumbe anasema Jumatatu. Mvua haimjui mjumbe. Kuna watu pale. Kagonge milango."

"Niwaambie nini?"

"Uwaambie ulichofanya."

"Wataniua."

"Basi uwaambie haraka."

Alikwenda. Jumapili nzima Ramani alisikia habari zake kwa wapita njia walioingia dukani. Fundi yule wa kilimani amepagawa. Anagonga nyumba hadi nyumba, anasema yeye ndiye aliyekikata kilima. Mmoja amemmwagia maji machafu. Mwingine amemchania shati. Jioni, wengine wakaanza kubeba mikeka kwenda shuleni, kwa kuwa mwalimu alikuwa amefungua madarasa bila kumwomba mtu ruhusa.

Jumatatu ilikuwa mtihani wa jiografia. Simu zilikusanywa kwenye beseni mlangoni. Swali la kwanza lilihusu mvua, la pili lilihusu miji. La tatu liliuliza: *Eleza jinsi shughuli za binadamu zinavyoweza kuharakisha kuporomoka kwa mteremko.*

Ramani aliitazama karatasi. Akaandika sentensi ya kwanza: Binadamu anaweza kukata mguu wa kilima.

Wakati huo kalamu ikatetemeka. Si mkono, kalamu. Madirisha yakanong'ona. Kisha ukaja mngurumo mrefu, mzito, kama lori kubwa linalomwaga mawe lisiloishiwa mawe. Afande aliinua kichwa. Msimamizi akasema, kwa sauti isiyo yake, "Endeleeni. Asitoke mtu."

Aliendelea. Hakujua ameandika nini. Alipotoka alifika kwenye beseni kabla ya wote. Kulikuwa na ujumbe, umetumwa wakati yuko ndani.

*Ramani, wametoka wote. Bado bibi mmoja chini pale njia inapokuwa nyembamba hataki kutoka, anasema mimi ni mwizi nataka kuku wake. Kilima kinalia. Narudi kumbeba.*

Akapiga. Simu haipatikani. Akapiga. Haipatikani. Akakimbia, na Afande nyuma yake na viatu vyake vizito.

Kilima hakikuwa na bega tena. Palipokuwa na nyumba palikuwa na kovu jekundu, na bati moja tu lililosimama wima kwenye matope kama ulimi. Watu walijaa barabarani, wengine wanalia, wengine wanahesabiana.

"Fundi!" akaita. "Mmemwona Fundi?"

Mama mmoja akamwonyesha kwa kidevu.

Alikuwa amekaa chini ya ukuta wa duka ng'ambo ya barabara, mwekundu kwa udongo kuanzia nywele mpaka vidole, anahema. Pembeni yake alikaa bibi kizee, fimbo mkononi, kuku kwapani, anafoka.

"Amenibeba kama gunia! Bila hata hodi!"

"Alinipiga njia nzima," Fundi akasema. Alijaribu kucheka, kikatoka kilio.

Ramani alichuchumaa mbele yake. Alimshika uso, akautazama kama anayetafuta jeraha, akamwachia.

"Kuna aliyebaki?"

"Hakuna. Nilirudia kila mlango."

"Sawa."

"Ramani, nyumba imekwenda. Pete imekwenda. Deni la mshonaji nitalilipa nikibeba matofali ya watu. Sina kitu. Nikikwambia nakupenda utaniamini?"

"Hapana."

Akainamisha kichwa.

"Kwa simu ulisema nina wivu," Ramani akasema. "Watoto walikuwa wanasikiliza. Hilo sijalisahau na sitalisahau wiki hii."

"Najua."

"Nisikilize basi. Kuanzia leo nimekupigia vigingi. Uzi nimeukaza. Sitakuuliza, sitakufuata, sitapekua simu yako. Nitakuwa napita kuangalia tu. Mvua za mwaka huu zikiisha, na za mwaka ujao zikija zikaisha, nikakukuta hujapinda, njoo kwa mama na pete nyingine."

"Na nikipinda?"

"Utapinda kuelekea bondeni, kama vitu vyote. Mimi nitakuwa nimeshahama."

Bibi akapiga fimbo chini. "Mwanamke kasema. Wewe, mwizi, niletee maji."

Fundi akainuka, akayumba, akaenda kuleta maji.

Jioni mama alisikiliza habari yote mpaka mwisho huku anafungua tena masanduku aliyokuwa ameyafunga.

"Kwa hiyo hatuhami."

"Hatuhami, Mama."

"Na pete iko chini ya kilima."

"Iko huko."

Mama akakung'uta shuka, akaitandika kitandani, akaisawazisha kwa kiganja kutoka ncha moja hadi nyingine.

"Mkwe akija kuomba tena," akasema, "mwambie nyumba ya safari hii ajenge tambarare. Na vigingi nitavipiga mimi."